Mguu wa Kulia wa Mjomba Sele

Ipo siku moja ambayo haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu, nayo ni ile siku Mjomba Sele alipovaa hedifoni zangu, akasikiliza gitaa lake mwenyewe likitoka kwenye laptop, halafu akaniuliza, "Huyu ni nani?" Lakini hapo nimekurusha mbali. Kaa vizuri kwanza. Sisi wazee hatupendi kumsimulia mtu aliyesimama mlangoni.

Najua unacheka. Unasema huyu mzee gani, anasubiri mtihani wa kidato cha nne, kidevuni hana kitu, na nyumbani bado anatumwa vitunguu. Cheka tu. Nimekuzidi madarasa matatu, na kwa desturi ya shule hii hiyo inanitosha kuwa babu yako. Wewe ndiye uliyeingia chumba cha muziki jana ukakuta pedali za gitaa, vile visanduku vya kukanyaga vinavyobadilisha sauti, zimepangwa sakafuni chini ya kinanda, ukauliza zinafanya nini pale wakati gitaa halipo. Ukataka nikuoneshe tu waya gani unaingia wapi. Ningeweza kukuonesha ukaondoka. Nikaona hapana, huyu nitamsimulia, kwa sababu waya utaujua hata bila mimi, ila haya mengine hutayakuta yameandikwa pembeni ya pedali.

Basi. Mjomba Sele ni kaka yake mama yangu. Kwao ni Kisarawe, Mzaramo wa kulekule vilimani, na zamani alikuwa mpiga gitaa wa bendi ya dansi. Usiniulize bendi gani, ilikufa kabla hujazaliwa, na hata ingekuwepo mama yako asingekuruhusu uende. Bendi ilipokufa yeye hakuacha. Alikuwa akitoka kwenye mikorosho yake anaoga, anakaa uani, anapiga peke yake mpaka giza linaingia.

Ana mtoto mmoja tu, Dada Zuhura. Utotoni Zuhura alikuwa mzururaji wa kwa majirani, na Mjomba hakuwa mtu wa kupaza sauti kumwita. Alikuwa akichomeka gitaa anapiga kipande kifupi, kilekile kila jioni, kinachopanda taratibu, kinasita kidogo huko juu, halafu kinashuka. Mtoto akikisikia huko aliko anaacha mchezo anarudi nyumbani. Mama Zuhura, mke wa Mjomba, anasema mpaka majirani walizoea. Kikilia tu wanamwambia, "Haya, baba yako huyo, nenda."

Na Mjomba alikuwa na ahadi yake. Kila walipoalikwa sendofu, yaani hizi sherehe za kumuaga binti kabla ya harusi, alikuwa akimwinamia Zuhura na kumwambia kwamba siku yake ikifika, zawadi ya baba itakuwa kile kipande, mbele ya watu wote, na vyombo vya jikoni atafute mama yake.

Mwaka huu posa ikaja, mahari ikapokelewa, ukumbi ukapatikana palepale Kisarawe. Kabla sherehe haijafika, Mjomba akapata kiharusi. Upande wa kushoto. Mdomo ulirudi, namshukuru Mungu, kwa sababu Mjomba bila mdomo si Mjomba. Lakini mguu wa kushoto ukawa wa kuburuzwa, na mkono wa kushoto ukalala. Sasa wewe hujui gitaa, ngoja nikwambie. Mkono wa kushoto ndio unaobonyeza nyuzi, ndio unaochagua noti. Wa kulia unachapa tu. Bila wa kushoto, gitaa ni ubao wenye nyaya.

Wakamleta kwetu Kibaha, mtaa wa Picha ya Ndege, awe karibu na mazoezi ya viungo pale hospitali ya Tumbi. Akapewa chumba changu. Mimi nikahamia sebuleni na kinanda changu na laptop ya kaka ambayo ukiigusa vibaya inazima.

Lazima ujue jambo moja ili maneno yake yasikushtue. Baba yangu ni Mnyamwezi wa Tabora, na Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi hizo. Kwa hiyo Mjomba hajawahi kuniita kwa jina langu.

"Mnyamwezi."

"Naam, Mjomba. Shikamoo."

"Marahaba. Chai hii kapika nani?"

"Mimi."

"Nilijua. Babu zako walitembea kwa miguu kutoka Tabora mpaka pwani, wakafika wamechoka hata sukari hawaikumbuki."

Ndivyo tulivyokuwa tunaamkiana. Utani aliuweza hata akiwa amelala. Muziki ndio hakuutaka. Nikigusa kinanda anaomba mlango ufungwe. Redio ikipiga dansi la zamani anageukia ukutani.

Jioni moja Dada Zuhura akapiga simu. Nilikuwa nimemshikia Mjomba simu, imewekwa sauti ya wote, kwa hiyo nilisikia. Akamuuliza habari za mazoezi, akamuuliza kama anakula, halafu akasema, "Baba, ile ahadi usijisumbue nayo. DJ yupo. Wewe ukiwepo tu, mimi inanitosha."

Alisema kwa mapenzi, mwanangu. Sauti yake ilikuwa laini kama anamfunika mtu shuka. Mjomba akajibu, "Sawa, mama." Simu ilipokatika akabaki anautazama mkono wake wa kushoto pale mapajani, anautazama kama mgeni aliyekuja bila taarifa na hasemi ataondoka lini. Kesho yake mama alipomwambia muda wa kwenda Tumbi umefika, akasema haendi. Mama akambembeleza. Akasema, "Mkono wa nini tena, dada yangu? DJ yupo." Na kesho kutwa yake hakwenda. Na siku iliyofuata hakwenda.

Hapo ndipo nilipoona mambo yameharibika, na nikajipa kazi ya kuyatengeneza. Wewe unanijua, mimi nikiona watu wazima wamenyamaza lazima nifanye kitu, hata kama ni upuuzi.

Mama Zuhura alikuwa amewahi kumrekodi Mjomba kwa simu akiwa uani anapiga kile kipande. Nikamwomba anitumie. Ikaja, ina kuku nyuma, ina mtu anakohoa, ina gitaa. Nikaiingiza kwenye programu ya kurekodi. Kuku nikawatoa, mkohozi nikamtoa. Halafu nikaona jambo. Zile programu zina mistari imesimama kwenye kioo, inagawa muda sawasawa, na noti za Mjomba hazikuwa zinakaa kwenye mistari. Hapa amewahi, pale amechelewa, kule juu amesita mpaka mstari umempita. Nikazikata noti zote mojamoja nikazipanga kwenye mistari kama wanafunzi wa mchakamchaka. Uzi uliokuwa umekwaruza nikausafisha. Nikaongeza mwangwi wa ndani ya kompyuta mpaka ikawa kama anapiga ndani ya uwanja wa mpira. Nilipomaliza nikajiona mtaalamu wa kimataifa.

Mpango wangu ulikuwa huu. Siku ya sendofu Mjomba atakaa mbele na gitaa mapajani, mimi nyuma ya pazia nabonyeza kitufe. Mbona wasanii wanafanya kila wiki kwenye televisheni, na watu wanawapigia makofi?

Nikamvalisha hedifoni. Akafumba macho. Mimi nikawa nasubiri machozi ya furaha, nimeshaandaa na leso. Kipande kikaisha. Ndipo akaniuliza lile swali.

"Huyu ni nani?"

"Ni wewe, Mjomba."

"Mimi simjui."

"Ni wewe kabisa. Mama Zuhura alikurekodi. Nimekunyoosha tu kidogo."

"Umeninyoosha." Akalirudia lile neno polepole, kama anaangalia kama lina mwiba. "Kuku wangu wako wapi?"

"Nimewatoa."

"Na pale juu ninapokaa kidogo?"

"Ulikuwa umechelewa. Nimepatengeneza."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika, ugomvi ninauweza. Nikamweleza mpango wote, gitaa mapajani, pazia, kitufe, nikiongea harakaharaka kama muuza dawa wa mnadani. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akavua hedifoni kwa mkono wa kulia, akaziweka kitandani.

"Mnyamwezi, sikiliza. Zuhura hakuwa anakuja kwa sababu ninapiga vizuri. Jirani yetu mmoja alikuwa anapiga vizuri kunizidi. Mtoto alikuwa anakuja kwa sababu alijua ni mimi. Pale ninapochelewa ndipo alipokuwa anavaa ndala zake. Sasa unataka siku anayoondoka nyumbani kwangu nikae mbele yake kama sanamu ya dukani, yeye alie kwa ajili ya hiyo mashine yako? Bora nikae kimya. Kimya changu atakitambua."

Nikachukua laptop nikaenda kukaa jikoni na mama, akanipa karanga nichambue.

Jumamosi ile nikatumwa Kisarawe kufuata kanzu ya Mjomba ya kuvaa kwenye sherehe. Mama Zuhura akaniwekea kanzu kwenye mfuko, akaingia tena ndani, akatoka na kasha la mbao limefungwa kanga. "Hizi pedali zake," akasema. "Naona zinanitazama tu hapa. Kama hataki kuziona, chezea wewe." Ndani mlikuwa na tatu. Moja ya kukwaruza sauti, imechubuka rangi. Moja ya mwangwi. Na moja ndefu ya kukanyaga kama pedali ya gari, ile wapiga gitaa wanayoiita wawa kwa sababu ukiikandamiza na kuiachia inalifanya gitaa liseme "waa".

Nilifika Kibaha nikachomeka. Mwanangu, hapa ndipo lile swali lako la jana linapojibiwa, kwa hiyo acha kuchezea kalamu. Gitaa linaingia kwenye pedali kwa sauti ndogo sana. Kinanda kinatoa sauti kubwa mara nyingi zaidi. Mimi sikujua. Nikachukua waya kutoka kwenye kinanda, sauti nimefungulia mpaka mwisho, nikauingiza kwenye ile ya kukwaruza, na mwingine nikautoa hapo mpaka kwenye spika ya redio, nikawasha, nikabonyeza kwa mikono yote miwili.

Mbwa wa jirani akaanza kulia. Mama akatoka jikoni na mwiko. Na chumbani kukatoka sauti, "Nani anachinja mbuzi humo?"

Akaja mwenyewe, anaburuza mguu, anajishikilia ukutani. Hakuja kunisaidia mimi. Alikuja kuokoa pedali zake.

"Zima. Zima zote. Punguza huko kwenye kinanda. Pedali imezoea mtu anayenong'ona, wewe umeiletea mtu anayepigana mlangoni." Akakaa kwenye kiti cha plastiki, anahema. "Sasa nisikie kinanda kikiwa uchi kwanza."

Nikapiga kikiwa hakina pedali hata moja. Nilichagua ile sauti ya gitaa iliyomo ndani ya kinanda, nikidhani nitamfurahisha. Akakunja uso.

"Hilo gitaa la plastiki. Nitafutie sauti isiyojifanya kitu kingine."

Tukatafuta. Kinanda changu kina sauti nyingi za kutengenezwa, zile za sintesaiza ambazo hazifanani na chombo chochote, na nyingi ukizisikia unajiuliza aliyezitengeneza alikuwa anaumwa nini. Filimbi za ajabu akazikataa. Za kunguruma akazikataa. Tukafika kwenye moja tupu kabisa, imenyooka, kama mtu anayeimba amefunga midomo.

"Hapohapo," akasema. "Hii haina mdomo. Ishike, usiiachie."

Nikabonyeza noti moja nikaishikilia. Akaivuta wawa karibu kwa kisigino, akaweka mguu wake wa kulia juu yake, akakandamiza polepole. Na ile sauti ikafunguka. Sijui nikueleze vipi. Ilikuwa imefumba, ikafumbua. Akaachia, ikafumba. Akakandamiza tena, safari hii kwa kusita nusu ya njia, na nakuapia nilisikia mtu anataka kusema kitu halafu anabadilisha mawazo.

Akasahau kwamba mimi nipo. "Panda," akasema. Nikapanda. "Hapana, hiyo siyo, panda kidogo." Akaniimbia noti kwa sauti yake ya kizee, nikaitafuta kwa kidole nikaipata. Noti kwa noti tukakipanda kile kipande, mimi nikishika na yeye akifungua, mpaka tukafika pale juu anapokaa kidogo. Mimi nikawahi kushuka. Mguu wake ulikuwa bado.

"Unakimbilia wapi?"

"Nilidhani imeisha."

"Unatazama vidole vyako. Vidole vyako vinajua nini? Tazama mguu wangu. Mguu ukimaliza, ndiyo imeisha."

Tukarudia. Nikautazama ule mguu, una ufa kisigino, kucha ya kidole gumba ni nyeusi, na nikaona kitu ambacho mistari ya kompyuta haikunionesha. Kabla ya kushuka, vidole vyake vilijikunja kidogo, kama mtu anayevuta pumzi. Nikashikilia mpaka vikafunguka. Tukashuka pamoja. Mama alikuwa bado amesimama mlangoni na mwiko wake, ugali unaungua.

Kesho yake aliuliza mwenyewe muda wa kwenda Tumbi. Alisema hawezi kupiga akiwa ameegemea kushoto kama mnazi, anataka kiuno kimsimamie.

Tulifanya mazoezi kila nilipotoka shule, maana sisi wa kidato cha nne tulikuwa bado hatujaingizwa bweni, na tuligombana sana. Mimi niliweka mwangwi mbele na wawa nyuma yake, yeye akasema sauti imeshaondoka ndipo naifunga mdomo, niweke wawa kwanza na mwangwi mwisho. Tukajaribu, alikuwa sahihi. Halafu mimi nikamfundisha cha kwangu. Nilirekodi kinanda kwenye laptop kikiwa uchi, bila pedali. Nikachukua waya nikaitoa ile sauti kutoka kwenye laptop, nimeipunguza isije ikachinja mbuzi tena, ikapita kwenye pedali zake, ikarudi kurekodiwa upya. Kwa njia hiyo akawa anafanya mazoezi ya mguu asubuhi nikiwa darasani, na akikosea anarudia, kinanda cha ndani ya kompyuta hakichoki wala hakiombi kwenda chooni. Alipenda sana. Alimwonesha mama, alimwonesha jirani mwenye mbwa. Ila sauti ikitoka na kurudi ilikuwa inachelewa kidogo, ikabidi niisogeze kwa mkono kila mara. Akaniuliza kwa nini inachelewa, wakati waya ni mfupi hivyo. Nikamweleza kwamba kompyuta inahitaji muda wa kuihesabu. Akasema, "Kumbe nayo inatokea Tabora."

Nilipoona amezoea, nikamwambia basi siku ya sherehe laptop ipige kinanda, yeye awe na mguu wake tu, mimi nikae na pilau langu kwa amani. Akatikisa kichwa.

"Hiyo ya mazoezi. Siku yenyewe njoo na vidole vyako. Mashine imeshaamua noti itaisha lini. Mimi nataka mtu anayenitazama."

Siku ikafika. Ukumbi umepambwa vitambaa vya zambarau, DJ na maspika yake, MC na koti linalong'aa kuliko taa. Dada Zuhura amekaa mbele kwenye meza ya juu, na mpambe wake pembeni anamfuta jasho kila akipepesa jicho. Mimi nilizipigilia pedali kwenye ubao ili zisiteleze kwenye vigae, nikazifunika kanga, na hakuna aliyezijali. Watu walidhani ni nyaya za DJ.

MC akatangaza zawadi za wazazi. Mama Zuhura akaingia na mashangazi, wanacheza, wana masufuria, vitenge, mpaka mchi na kinu. Shangwe. Halafu MC akasema, "Na sasa baba mzazi." Mjomba akasimama na fimbo yake. MC akamkimbilia na kipaza sauti, akidhani ni hotuba. Mjomba akampungia mkono, apishe. Akaja mpaka kwenye kinanda, akakaa, akaniambia, "Nivue kiatu."

Nikainama nikamvua kiatu cha kulia, na soksi. Nikasikia watu wanacheka chinichini. Mzee ndani ya kanzu, mguu mmoja peku, kakaa karibu na kijana wa sekondari aliyetoa jasho mpaka kola. Nikatazama meza ya juu. Dada Zuhura alikuwa ameshika ukingo wa kitambaa, anamtikisia baba yake kichwa kidogokidogo. Nilielewa anachosema. Baba, acha. Aliogopa baba yake asije akaaibika mbele za watu. Mimi nilikuwa naogopa vilevile, mwanangu. Tukiharibu, hatutakuwa tumeharibu wimbo tu. Mkono ule usingepelekwa tena mazoezini, nilijua.

"Mnyamwezi," akasema bila kunitazama. "Mguu."

Nikautazama mguu. Nikabonyeza noti ya kwanza.

Ilitoka imefumba midomo, watu wanaendelea kuongea, chupa za soda zinagongana. Mguu ukashuka. Sauti ikafunguka kwenye yale maspika makubwa, na meza za mbele zikanyamaza. Noti ya pili. Ya tatu. Haikuwa gitaa na haikujifanya gitaa. Tukapanda mpaka juu, na pale juu Mjomba akakaa. Akakaa zaidi ya alivyowahi kukaa siku zote za mazoezi. Kidole changu bado kiko juu ya noti, ukumbi mzima umesita na sisi, vidole vyake havijajikunja bado. Sikuachia. Vikajikunja. Vikafunguka. Tukashuka.

Nilipoinua macho Dada Zuhura alikuwa amesimama. Mpambe anamvuta gauni akae. Akalivuta gauni lake kutoka mikononi mwa mpambe.

"Bibi harusi wetu mtarajiwa," MC akasema, "ratiba bado haijafika huko."

Hakumsikia. Alikuja katikati ya ukumbi, amelikunja gauni kwa mikono miwili kama mtu anayevuka dimbwi, mpaka mbele ya ule ubao wetu. Mwangwi ulikuwa bado unarudi, unazidi kuwa mdogo.

"Nimekuja, Baba."

Mjomba akamtazama. "Umechelewa. Ulikuwa kwa nani?"

"Kwa watu," akasema, na hapo akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, akakaa chini kwenye vigae na gauni lake lote, akauegemeza uso wake kwenye goti la kushoto la baba yake, lile bovu. "Rudia," akasema.

Tukarudia. Safari ile sikuona mguu vizuri, macho yangu yalikuwa na matatizo yake, lakini kwa namna fulani tulifika chini pamoja.

Mjomba sasa amerudi Kisarawe. Mazoezi anaendelea nayo, na mama anasema kidole gumba cha mkono wa kushoto kimeanza kumtii mara mojamoja, hasa akikasirika. Pedali kaniachia mimi nije nazo shule, kwa sharti kwamba kila likizo nizirudishe, na nirudi nazo mimi mwenyewe, nisimtume mtu.

Basi nakuusia, mwanangu, na nakuusia ukiwa bado mdogo wa kunisikiliza. Ukija kuchomeka kinanda chako kwenye pedali, punguza sauti kwanza, hata kama hakuna mbwa jirani. Anza bila pedali yoyote. Kama wimbo hausikiki ukiwa uchi, mwangwi hautauvalisha nguo, utaongeza tu kelele za mtu asiye na la kusema. Usiwanyooshe watu. Ile mistari ya kwenye kioo ni ya kukusaidia wewe kuona ulipo, haikuletwa kuwahukumu wazee wako, na mahali mtu anapochelewa huenda pana mtoto anavaa ndala. Ukimkuta mtu amepoteza kitu, usimpe cha kujifanya ndicho. Kaa naye, utafute kilichobaki kizima, hata kiwe mguu mmoja wenye ufa, umpe kazi. Na ukipiga na mwenzako, mtazame. Vidole vyako vitajua njia vyenyewe, yeye ndiye anayejua noti inaisha lini.

Mwenyezi Mungu akupe waya usiokatika ndani kwa ndani na betri isiyokufa wimbo ukiwa katikati. Akupe masikio kabla hajakupa vifaa. Akuwekee pembeni mtu wa kukwambia huyo simjui, siku utakapojinyoosha mpaka ukajipoteza. Na wale uliowaacha nyumbani, awalinde wote mpaka likizo, uwakute wanakungoja mlangoni, na mdomo wa kukutania wakiwa nao. Amina. Sasa niletee huo waya, tuanze.